Karani na Nyumba ya Ndani ya Mzinga

Nimeshagombana na watu watatu hapa Nkubu juu ya Karani, na mmoja tukashikana kola mbele ya duka la dawa za mifugo mpaka mwenye duka akatoka na pampu ya kunyunyizia ng'ombe. Huyo mtu alikuwa amesema Karani ni mwendawazimu aliyechinjia kompyuta mbuzi. Nikamwambia: kwanza, mbuzi alichinjwa na wazee, Karani alitoa tu. Pili, kompyuta ilikuwa yangu. Tatu, nyama ulikula, tena ukaomba supu. Hapo ndipo tukashikana.

Kwa hivyo wacha niseme vile najua. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, baba yake alikuwa nani, hayo kaulize wengine. Mimi nilimpata tayari ni mzee wa kofia ya kahawia na kalamu tatu mfukoni, amestaafu ukarani wa ofisi ya chifu, na hakuna mtu alimwita jina lake. Hata mke wake alimwita Karani.

Kustaafu ni neno tu. Aliendelea kuandika. Akifika matangani, kabla ya kupeana pole anahesabu viti. Ukiomba chumvi kwake anakuandikia kikaratasi uweke sahihi, na ukirudisha anakichana mbele yako ili uone kwa macho. Siku moja nilimuuliza mkewe kama hachoki na hayo mambo. Alikuwa anapepeta maharagwe, hata hakuinua kichwa.

"Mimi mwenyewe aliniandika siku ya harusi," akasema. "Nilikuja kuona kile kitabu baadaye. Ameandika: mke, mmoja, hali nzuri."

"Ukafanya nini?"

"Nilifurahi. Chini yangu ameandika: masufuria, mawili, moja limetoboka."

Mimi wakati huo nilikuwa na chumba karibu na soko la Nkubu, taipureta mbili na kompyuta moja kuukuu. Hakuna mtu alinifundisha kompyuta. Nilisoma kitabu chake mpaka kurasa zikatoka, nikazishona na uzi wa gunia. Nilikuwa napiga chapa mitihani ya shule, barua za mapenzi za watu wasiojua tahajia, na programu za mazishi. Karani alikuwa ananiita Opareta. Alipenda hiyo kazi yangu kwa sababu moja: alikuwa haamini redio, haamini daktari, hata saa ya kanisa hakuiamini, lakini kitu kikishapigwa chapa anakiamini hata kama ni uongo wake mwenyewe.

Siku ile mambo yalianza alikuja moja kwa moja kutoka stage, bado ana begi, uso umekuwa kama unga wa muhogo. Shemeji yake alikuwa amempeleka Nairobi kwa maonyesho ya kompyuta. Huko kijana mmoja akamvalisha helmeti kubwa yenye skrini mbili ndani, na Karani akajikuta kwa nyumba ya watu wa kale wa ng'ambo, nguzo za mawe, sakafu ya mawe, nyumba iliyobomoka kabla babu yake hajazaliwa. Akigeuza kichwa, nyumba nayo inageuka. Akaangalia juu akaona dari. Akaangalia nyuma akaona mlango aliotokea.

"Opareta," akaniambia, "nimeingia nyumba ambayo haiko."

"Ulikunywa nini?"

"Soda. Na nikaitapika. Kwa viatu vya yule kijana." Akaketi. "Lakini sikiza. Hakuna mtu hutapishwa na kitu ambacho hakiko. Kitu kikikutapisha, hicho kitu kiko."

Hayo maneno aliyarudia miaka yote niliyomjua. Alisema juu ya siasa, juu ya mahubiri, na mara moja juu ya sukuma wiki ya mkewe, akalala na njaa.

Sasa, kitu alitaka nimjengee ndani ya kompyuta kilikuwa nyumba moja tu. Zamani juu ya kilima kimoja hapa kwetu kulikuwa na nyumba ya wazee, ya duara, ya nyasi, wanaketi humo kuamua kesi na kufanya mambo yao. Karani alikuwa kijana wakati huo, ameandikwa kazi juzi. Chifu wa siku hizo alitaka mahali pale pa kujenga kambi yake. Akaamuru nyumba ichomwe, na akamtuma Karani aingie kwanza aandike vitu vilivyomo, ndio isije ikasemwa serikali imeiba. Karani akaingia bila kubisha, akaandika. Nakala ya kaboni alikuwa nayo bado, imekunjwa ndani ya Biblia. Alinisomea kwa ile sauti ya ofisi:

"Viti vya miguu mitatu, kumi na kimoja. Ngoma kubwa, moja. Pembe ya kupuliza, moja. Vibuyu, vinne. Kona ya kushoto nyuma ya moto: takataka mbalimbali."

Akaweka kidole hapo kwa karatasi.

"Takataka gani?" nikauliza.

"Sijui."

"Si ni wewe uliandika?"

"Niliandika nikiwa na njaa. Ilikuwa saa saba, na chifu alisema chakula ni baada ya orodha. Niliona vitu vimerundikwa hapo, vidogo vidogo, vingi. Nikasema vikianza kuandikwa kimoja kimoja nitakula jioni." Akakunja karatasi. "Waliwasha moto nikiwa natia sahihi."

Mimi nina hasira ya karibu, kila mtu anajua. Nilimwambia pale pale kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kijinga. Hakunikasirikia. Akasema, "Ndiyo. Sasa fungua kompyuta."

Shida ilikuwa ile kona. Viti vinachoreka. Ngoma inachoreka. Takataka mbalimbali utachora nini? Na mtu aliyekuwa hai ambaye aliwahi kuketi ndani ya ile nyumba alikuwa mmoja tu. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto usizime, na watu walikuwa bado wanamwita Mwenye Moto, ingawa moto wenyewe haukuwepo tena. Aliishi juu karibu na msitu, mzee sana, kifua kimeanza kumsumbua, na hakuwa amemsemesha Karani tangu siku ile. Wakikutana njiani Mwenye Moto anaingia kwa shamba la watu, hata kama kuna nyaya, anasimama katikati ya mahindi mpaka Karani apite. Karani alimtumia ujumbe mara nyingi. Jibu lilikuwa lile lile: mwambieni asome orodha yake.

Kwa hivyo tulianza bila yeye. Nilichora nyumba kwa picha kumi na mbili, kila picha ni mgeuko mmoja, ukibonyeza mshale unageuka kidogo, ukibonyeza mara kumi na mbili umezunguka na umerudi ulipoanza. Siyo helmeti ya Nairobi, lakini ni kitu. Karani akaangalia akasema hapana, hii ni kuangalia nyumba kwa dirisha, mimi nataka kuingia. Akaenda kwa shemeji yake upande wa Mbeere, kule chini kwa joto, akarudi na mzinga wa nyuki, ule wa gogo lililochongwa katikati, mpana. Akaukata nyuma, akaufunga kwa monita na mpira wa baiskeli. Unaingiza kichwa kwa mzinga, giza, na kule mwisho kuna nyumba inang'aa. Na kwa sababu ule mzinga ulikuwa umefukizwa moshi miaka na miaka, unanusa moshi na nta na jasho la watu wa zamani. Niliingiza kichwa nikiwa nacheka. Nikatoka sicheki.

Tulipata matatizo madogo. Mzee mmoja masikio yalikataa kutoka, tukatumia mafuta ya kupikia. Mtu wa baraza la mji alikuja kukagua, na kumbe nyuki mmoja alikuwa amebaki ndani. Akatoka na mdomo umevimba akasema teknolojia ni nzuri lakini ni kali.

Usifikiri Karani alikuwa mtu wa mambo ya zamani. Nyumbani kwake alikula mkate kwa uma. Uji wa wimbi alisema unamkumbusha umaskini. Mbuzi akikaribia mlango alimfukuza na gazeti. Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti ya kutetemesha mabati, halafu Jumatatu anakuja kuniuliza kama nimechora mlango wa ile nyumba ukiangalia mlima Kirinyaga ama ukiangalia bonde. Nilimuuliza mara moja kama anaamini yale mambo yaliyokuwa yanafanywa mle ndani. Akasema, "Mimi si wa kuamini. Mimi ni wa kuandika. Na niliandika vibaya."

Ya mbuzi sasa.

Kulikuwa na wazee watano, wadogo kwa Mwenye Moto, ambao hawakuwahi kuketi ndani ya ile nyumba lakini baba zao waliketi, na waliambiwa nani alikaa wapi. Karani akawaleta kwa chumba changu waseme. Wakaketi, wakakunja mikono juu ya fimbo, wakaangalia kompyuta. Nikadhani ni woga wa mashine.

"Hii ni ya rika gani?" mkubwa wao akauliza mwishowe.

"Ni kompyuta," nikasema.

"Sikukuuliza ni nini, mwari wakwa, binti yangu. Nimeuliza ni ya rika gani. Hayo maneno hayaambiwi mtoto. Ukimwambia leo, kesho atamwambia kila mtu anayemshika mkono."

Na mimi nakuambia, kwa miaka yote nimefanya hii kazi sijapata mtu aliyeielewa kompyuta upesi namna hiyo.

Wakabishana. Mmoja akasema ina miaka michache tu, irudishwe kwa mama yake. Mwingine akasema inajua kusoma na kuhesabu kuliko chifu, si mtoto. Wa tatu, mzee mwembamba mwenye macho mabaya, akaanza kupapasa waya wake kutoka nyuma, pole pole, mpaka akafika karibu na ukuta. Pale akasimama. Plagi iliyokuja nayo ilikuwa haiingii kwa ukuta wetu, kwa hivyo waya ulikuwa umekatwa, ukaungwa plagi ingine, ukafungwa na tepu nyeusi.

"Kumbe imetahiriwa," akasema.

Wote wakainama kuangalia. Wakashika mmoja mmoja. Mkubwa wao akauliza, "Na nani?"

Niliukata mimi. Kwa kisu cha kitunguu, jikoni kwa mama yangu. Nilifungua mdomo kusema hivyo, na Karani akanikanyaga kidole cha mguu na kiatu chake cha ofisi.

"Na mtu mwenye mkono thabiti," akawajibu. Karani hakuwa mtu wa kudanganya. Hiyo ilikuwa kweli.

Basi Karani akatoa mbuzi na uki, ile pombe ya asali, yeye ambaye hakuionja maishani. Kompyuta ikabebwa uani nyuma ya chumba ikiwa imefunikwa blanketi safi. Mwenye kubeba kibodi alitembea nyuma kama mtu aliyebeba mkia wa vazi la askofu. Wakaisemea maneno. Wakaiwekea ubavu mbele, wakaipa muda wa kukataa, ilipokataa wakakula kwa niaba yake. Ikaingizwa kwa rika moja nyuma ya Mwenye Moto. Nilikuwa naangalia kutoka kwa mlango wa choo, kwa maana mwanamke hakuruhusiwa karibu, na nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kicheko kiliisha jioni hiyo. Mkubwa wao akaniita.

"Mwari, kuanzia leo mwanamke haigusi. Na kijana haigusi."

"Ni yangu."

"Tunajua ni yako. Hata mzee ana mama, lakini mama hamshiki kichwa mbele ya watu."

"Na nani ataiendesha? Nyinyi?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Ndani yake mlikuwa na nusu ya mtihani wa darasa la nane, na programu ya mazishi ya mtu aliyekuwa anazikwa Alhamisi. Nilisema mambo siku ile ambayo mama yangu aliambiwa kesho yake sokoni. Karani akangoja nimalize.

"Opareta," akasema, "andika kwanza, kasirika baadaye." Maisha yangu yote nimefanya kinyume, lakini nilinyamaza.

Kwa hivyo wiki nne tulifanya kazi hivi. Kompyuta na Karani na wazee watano ndani. Mimi nje, nimelipa dirisha mgongo, nikimwambia Karani abonyeze nini. Programu ya mazishi nayo ilipigwa na Karani kwa kidole kimoja, na marehemu aliandikwa: mmoja.

"Bonyeza mshale wa kulia," nasema.

"Amesema kulia," mzee mmoja anamwambia Karani.

"Nimesikia."

"Kulia kwa nani? Yeye ametupa mgongo."

Halafu Karani: "Opareta, kiti kimeenda juu ya paa."

"Kifute, uanze tena."

"Kiwache hapo," anasema mwingine. "Hicho ni cha baba yangu. Alikuwa mtu wa juu."

"Baba yako aliketi karibu na mlango na alikuwa analalamikia upepo."

Wakifika mahali pa siri wanakohoa wote pamoja ndio nisisikie. Nilisikia kila kitu. Siri nyingi zilikuwa ni nani alilala wakati wa kesi ya nani. Lakini nyumba ilijengeka. Kiti kwa kiti, Karani kidole kimoja, miwani imeteleza puani, mzee ambaye alikuwa anaogopa hata swichi ya taa. Picha kumi na moja zikakamilika. Ya kumi na mbili, kona ya kushoto nyuma ya moto, ilibaki kijivu tupu. Ukigeuka ndani ya mzinga unapita ngoma, unapita vibuyu, halafu unapita mahali hakuna kitu kabisa. Karani akifika hapo alikuwa anatoa kichwa, anafuta miwani, anarudi.

Kifua cha Mwenye Moto kilizidi. Watu wakasema hatafika mvua ya pili. Na hapo mkubwa wa wale watano akakumbuka jambo: mtu akiingia kwa rika, lazima aende kusalimia walio mbele yake. Kompyuta ilikuwa haijamsalimia Mwenye Moto. Ilikuwa imemkosea heshima.

Wakaibeba. Wakaifunga kwa machela ya mbao, wanne wanabeba, wa tano mbele na fimbo, Karani nyuma mbali, na mimi nyuma ya Karani nikibeba nyaya, maana nyaya hazikuwa zimetajwa. Tulipanda saa nzima na nusu. Watu walivua kofia wakidhani ni maiti. Kwa Mwenye Moto hakukuwa na stima, si kwake tu, kijiji chote. Wakaiweka mbele yake kwa kiti, imekufa, nyeusi. Mzee alikuwa ameketi kwa jua na blanketi. Akaiangalia. Wao wakasimama. Dakika nyingi sana zikapita, na Karani amesimama nje ya ua, hakuthubutu kuingia.

"Muga," Mwenye Moto akaisalimia.

Ikanyamaza.

"Huyu," akasema, "ni wa kwanza kutoka kwa Karani anayejua kunyamaza. Nitakuja kwake."

Alikuja siku ya tatu, amebebwa kwa pikapu ya kabichi. Karani alikuwa amevaa suti. Mwenye Moto akashushwa, akampita kama mti. Kwa mlango akageuka, akasema kwa wote, lakini tulijua anasema na nani: "Yule aliyeingia bila kubisha atabaki nje. Atangoja. Na hawa watano wako nyuma yangu, wabaki nje pia." Akanyoosha fimbo kwangu. "Huyu aingie."

Wale watano wakaanza kelele. Mwanamke, kwa mambo kama hayo?

"Sheria inasema mwanamume ambaye hakuingizwa asiambiwe," Mwenye Moto akasema. "Juu ya mwanamke anayechora kwa kompyuta haisemi kitu. Hakuna mtu aliyefikiria."

Ndani nikamketisha. Akapapasa ule waya, akafika kwa tepu. "Alikata nani?"

"Mimi."

"Nilidhani. Kazi ya mwanamume haiwi safi hivi. Basi mwiko ulishavunjika zamani. Keti."

Akaingiza kichwa kwa mzinga. Nikabonyeza mshale. Nilisikia pumzi yake mle ndani, nzito, kama ya mtu amefika juu ya kilima. Viti vikapita. Kwa ngoma akasema, "Ilikuwa kubwa kuliko hiyo." Tulipofika kwa kijivu akatoa kichwa, macho yamelowa, pengine ni moshi. Akaniambia kilichokuwa pale. Kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa cha nani na kililetwa siku gani. Nilichora mpaka saa kumi. Sitakuambia ni nini, na usiniulize. Nilikula kiapo, na kiapo kilikuwa hivi: nisimwambie mtu, na zaidi ya wote Karani asiione. Hiyo picha iwekwe kwa disketi yake peke yake. Kwa kompyuta ibaki kijivu.

Hapo nikakasirika. Nikamwambia mzee usoni, na yeye mgonjwa, kwamba hiyo si haki. "Huyo mtu amejenga nyumba nzima na kidole kimoja. Amelisha kompyuta mbuzi kwa sababu yako. Amesimama nje kwa jua na suti tangu asubuhi."

"Mbuzi nilisikia alikuwa mtamu," akasema.

"Anataka tu kujua."

"Aliangalia. Vilikuwa mbele yake, mchana, hakuna moshi, na alikuwa na kalamu. Akaandika takataka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu na mlango nikiona mkono wake unaandika." Akafunga blanketi. "Kona iwe imejaa. Hilo nimekubali. Lakini si kwa macho yake."

Nilitoka nje. Karani alikuwa pale pale, kofia mkononi. Hakuuliza kitu. Aliangalia ile disketi mkononi mwangu, halafu akaangalia kando, haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu.

Mwenye Moto hakumaliza huo mwezi. Mazishini Karani alikaa nyuma kabisa. Ni mazishi pekee nilimwona bila kalamu mfukoni.

Miaka ikaenda. Mimi nikapata kazi ya kufundisha kompyuta Embu, nikahamia mtaa wa Majimbo, chumba kimoja na jiko. Disketi nilihama nayo, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Karani tulionana Krismasi na mazishi, na hata siku moja hakuitaja. Mimi ndiye nilikuwa nataka aitaje. Nilikuwa nimejitayarisha: akiuliza mara moja tu, kiapo ni kiapo lakini Karani ni Karani, nitamwonyesha. Usiku nilikuwa nabishana na Mwenye Moto kichwani, na nilikuwa nashinda.

Mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini, Desemba, mlango ukabishwa. Karani, amekonda, kofia imekuwa kubwa. Ametoka Nkubu asubuhi bila kumwambia mkewe. Redio, ambayo alikuwa haiamini, ilikuwa imesema mwaka ukigeuka kompyuta zote zitasahau kila kitu.

"Nyumba itaungua tena?" akauliza. Hata hakuwa ameketi.

"Hiyo ni mambo ya tarehe, Karani. Ya benki na ndege. Picha haijui tarehe."

"Lakini umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia tangu siku ile. Disketi huharibika zikiwekwa tu; ukungu, joto, sababu hata hazihitaji. Nikatoa mkebe. Nikawasha kompyuta, hiyo ingine, mpya kidogo. Nikaingiza disketi, ikaanza ile kelele yake ya kusaga, ikasaga, ikanyamaza, ikasaga tena. Na nikafanya nilichokuwa nimeapa kutofanya. Niligeuza monita imwangalie.

Karani alisimama. Nilidhani anasogea karibu. Akashika kiti kwa mgongo, akakizungusha, akaketi akiangalia ukuta ambapo nimetundika kalenda ya duka la mbolea.

"Karani, tuko wawili tu hapa. Mzee ameshakufa."

"Najua. Nilimzika." Akaweka mikono kwa magoti. "Imefunguka?"

Ilifunguka kutoka juu, mstari kwa mstari, pole pole vile zilikuwa zinafanya. Rangi zote ziko. Kila kitu kiko mahali mzee alisema kikae.

"Imefunguka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Aliangalia kalenda kwa muda. Nje mtu alikuwa anauza mkaa akiita, na jirani anamwambia aache kelele.

"Kumejaa?" akauliza.

"Kumejaa."

"Sana?"

"Karani, hakuna hata pa kuweka mguu."

Alikuwa amenyoosha miguu, viatu vyake vya ofisi vikiangalia ukuta. Akavirudisha chini ya kiti, kimoja halafu kingine, pole pole, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya wenyewe anaogopa kukanyaga kitu.